Jinsi ya kuitunza bastola idumu pwani ya Kusini: mwongozo kamili kwa wenye leseni Mtwara na Lindi

Kila mvua zikikatika, mwezi wa tano hivi, malalamiko huwa yaleyale. Slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inarudi kwa kusuasua. Magazini, kile kibati kinachobeba risasi, haisukumi risasi ya mwisho. Mtutu una madoa ya kahawia. Na mwenye bastola karibu kila mara huongeza: "Lakini sijaipiga hata risasi moja mwaka huu."

Hapo ndipo penye tatizo. Bastola ya nusu-otomatiki iliyotengenezwa vizuri hustahimili maelfu ya risasi, na mnunuzi wa korosho anayeipeleka kwenye uwanja wa shabaha mara chache kwa mwaka hawezi kuimaliza kwa kupiga. Huku kwetu bastola hufia kabatini. Chumvi ya bahari, jasho na hewa nzito ya Desemba hadi Aprili ndivyo vinavyoimaliza, na kwa sababu hakuna kelele wala moshi, mwenyewe hajui mpaka siku anapoihitaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayemiliki kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Unahusu usafi, ulainishaji, ukaguzi na uhifadhi basi. Kuchonga, kuchomelea, kuchezea triga au kubuni kipuri ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Fundi pikipiki, hata awe hodari namna gani, asiiguse.

## Mahitaji

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukiifungua bastola halafu ukaondoka kutafuta kitambaa, utarudi ukute springi imeviringika chini ya kochi.

- Kitabu cha maelekezo cha bastola yako. Hiki ndicho mwamuzi. Kikipingana nami, kifuate chenyewe.
- Fimbo ya kusafishia mtutu na brashi ya shaba ya kipenyo chako. Brashi ya 9 mm haifai kwenye mtutu wa 7.65 mm.
- Fulana kuukuu ya pamba, nyeupe. Kwenye kitambaa cheusi hutaona kutu inayotoka.
- Mswaki laini na vijiti vya pamba vya masikio.
- Mafuta ya silaha. Ukikosa, mafuta meupe ya cherehani yanayouzwa kwa mafundi nguo yatakuvusha kwa muda, ila ni mepesi na huisha upesi. Ukiyatumia, rudia kila wiki.
- Dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti. Mafuta ya taa huweza kusafishia vipande vya chuma, mbali na moto na dirisha likiwa wazi, kisha ufute yote na kupaka mafuta upya.
- Vijipakiti vya silika, kama vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya.
- Boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko.
- Tochi, miwani ya kukinga macho, na daftari dogo.

Vitu vya kuacha kabisa: oili chafu ya injini (ina masizi na asidi), mafuta ya nazi (huchacha na kunata), stili waya, msasa, ndimu na maji ya betri. Ndimu kweli hutoa kutu. Hutoa pia rangi ya kinga ya chuma, na wiki ya pili kutu inarudi ikiwa kali zaidi.

## Hatua ya 1: Toa risasi, kisha usijiamini

Mpangilio ni huu na haubadiliki: elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya triga, toa magazini kwanza, ndipo ukoki (uvute slaidi nyuma na kuiachia) mara tatu na kuifungia slaidi nyuma. Angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa tochi. Kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu.

Kwa nini magazini kwanza? Ukikoki nayo ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Halafu unatoa magazini, unaiona tupu mkononi, na ndani ya chemba kuna moja imekaa.

Chukua risasi zote uzipeleke chumba kingine. Watoto na wageni wasiwepo.

Onyo: Glock haifunguki mpaka ubonyeze triga kwanza. Watu wamejipiga mkono wakiwa "wanasafisha" kwa sababu ya hatua hiyo moja. Hata kama umeangalia chemba, angalia tena kabla ya kubonyeza, na mtutu uelekee kwenye kitu kinachoweza kuizuia risasi.

Umefaulu ikiwa: unaona mwanga kutoka upande mmoja wa mtutu hadi mwingine, na hakuna risasi hata moja mezani.

## Hatua ya 2: Ifungue bila kulazimisha

Fungua kwa kiwango cha kawaida cha usafi: slaidi, mtutu, springi, fremu. Usiende ndani zaidi ya hapo.

Beretta 92 ina kitufe upande mmoja na kiwiko cha kuzungusha upande wa pili. CZ 75 inataka ulinganishe alama mbili nyuma, moja ya slaidi na moja ya fremu, kabla ya kusukuma pini ya pembeni. Makarov unavuta chini kile kikingio cha triga. Bastola za mtindo wa 1911 springi yake imebanwa kwa nguvu mbele, na ukiiachia ghafla inaruka usoni, vaa miwani. Ukiona unahitaji nyundo, jua umekosea mpangilio. Rudi kwenye kitabu.

Piga picha kwa simu kabla ya kutenganisha. Usiitume kwenye kundi lolote.

## Hatua ya 3: Isome kutu kabla ya kuifuta

Watu wengi hukimbilia kitambaa. Ngoja. Kutu inakueleza unyevu unaingilia wapi, na ukiifuta kabla ya kuangalia, mwakani utaikuta palepale.

Washa tochi, imulike slaidi kwa ubavu. Mara nyingi utaona doa lenye umbo la kidole gumba, hata mistari ya ngozi ikionekana. Hilo ni jasho lako: chumvi iliyobaki pale ulipoishika ukaiweka bila kufuta. Kuna watu jasho lao ni kali hivyo kwamba chuma kisicho na mafuta kinabadilika rangi kwa usiku mmoja.

Kisha angalia:

- mifereji ya nyuma ya slaidi unapokamata kukoki;
- chini ya vilenga;
- skrubu za kishikio, na chini ya mbao za kishikio zikiwa zinafunguka kwa kawaida;
- ndani ya tundu la magazini;
- mdomo wa mtutu.

Kutu ya vumbi, rangi ya chungwa, inayotoka kwa kidole chenye mafuta, bado ni ya juujuu. Kutu nyeusi yenye vishimo imeshaila chuma. Kuisugua hakurudishi kilicholiwa. Vishimo kwenye vilenga ni aibu tu. Vikiwa ndani ya chemba, ni sababu ya ganda kung'ang'ania na bastola kukwama.

Wenye mashamba ya mikorosho wana adui wa ziada: salfa. Ile inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hupenya kila mahali, na ikikutana na unyevu hula chuma na kuitia weusi shaba ya maganda ya risasi. Kama bastola ilikuwa kiunoni au kwenye gari siku ya kupuliza, isilale bila kusafishwa. Ukiona maganda ya risasi yamekuwa meusi bila sababu, anza kuishuku salfa.

## Hatua ya 4: Safisha mtutu

Loweka kitambaa dawa, kipitishe kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, kisha uache dakika kumi. Pitisha brashi ya shaba mara kadhaa, ukiitoa yote upande wa pili kabla ya kuirudisha. Kuigeuza katikati kunaipinda. Maliza kwa vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi, kisha kimoja chenye tone la mafuta.

Chemba isuguliwe kwa mswaki. Wengi huiruka, na huko ndiko ganda linakokwama.

Jambo moja ambalo mafuta hayaliwezi: risasi za zamani za kijeshi, hasa za enzi za Kisovieti na Kichina, nyingi fataki zake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani, na mafuta hayaiyeyushi. Ukizipiga hizo, osha mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto, ukaushe kabisa, ndipo upake mafuta. Maji kwenye bastola yanaonekana ni wazimu, lakini kinachoyeyusha chumvi ni maji.

Umefaulu ikiwa: ukimulika, mifereji ya ndani inang'aa bila kivuli cha kahawia.

## Hatua ya 5: Toa kutu ya juujuu

Paka mafuta kwenye doa, liache saa moja au mbili, sugua kwa kitambaa cha pamba. Likigoma, mswaki, kisha brashi ya shaba kwa mkono mwepesi. Rudia kesho. Subira hapa ina faida kuliko nguvu, kwa sababu ile rangi nyeusi ya chuma ndiyo koti lake. Ukiivua, chuma kitupu hakina wiki moja Mikindani. Slaidi za Glock zimeimarishwa kwa joto na naitrojeni, hivyo ngozi yake ya juu ni ngumu na huhimili kutu vizuri. Lakini springi na pini zake ndogo hazina bahati hiyo. Usidanganywe na slaidi safi.

Fremu ya plastiki haioti kutu, basi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevunyevu na kukaushwa. Usiioshe kwa thina.

## Hatua ya 6: Mafuta kwa kipimo

Makosa ni mawili, kavu na mafuriko. Yote hukwamisha.

Weka tone moja kwenye kila reli ambayo slaidi inateleza, tone kwenye nje ya mtutu pale ambapo chuma kimeng'aa kwa kusuguana, na tone mahali ambapo mtutu unafungia na slaidi. Visha slaidi na mtutu utando mwembamba kwa kitambaa. Utando ukionekana kama umande, umezidi.

Usiweke mafuta kwenye njia ya pini ya kupigia. Yakikusanya vumbi huko yanakuwa tope, pini inapiga kwa unyonge, na risasi hailii. Hali kadhalika ndani ya magazini.

Hapa mahali unapoishi panabadilisha mambo. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko: adui ni chumvi, ongeza utando wa nje na uufanye upya mara kwa mara, hasa kusi linapovuma na kubeba mnyunyizo wa bahari. Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea: kiangazi adui ni vumbi, punguza mafuta ya nje na usafishe zaidi. Mnunuzi anayeshinda mnadani bara na kulala pwani anapata vyote viwili. Huyo afute bastola kila jioni, hakuna njia ya mkato.

## Hatua ya 7: Magazini, mgonjwa asiyeangaliwa

Bastola ikikwama, shuku magazini kabla ya kitu kingine. Ni bati jembamba na springi, na ndiyo sehemu inayoanguka chini, inayokaa mfukoni na jasho, na isiyofunguliwa miaka na miaka.

Toa kitako chake taratibu ukiwa umeziba kwa kidole gumba, kwa kuwa springi itataka kuruka. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Springi yenye kutu ipanguswe kwa mafuta kisha ikaushwe mpaka kidole kisitoke na kitu.

Angalia midomo ya juu inayoshikilia risasi. Ikiwa imepanuka, imepinda au ina ufa, magazini hiyo imekwisha. Kuna watu huinyoosha kwa koleo. Itafanya kazi nyumbani na kukusaliti pengine.

Swali la kila siku: je, kuacha magazini imejaa kunaua springi? Springi nzuri huchoshwa zaidi na kukunjwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imekunjwa. Ukiwa na wasiwasi punguza risasi moja au mbili, inatosha. Mimi ningehofia kutu kuliko mkunjo.

Zipe magazini zako namba kwa rangi. Ikikwama, andika namba. Baada ya muda utakuta lawama zote ni za ileile.

Umefaulu ikiwa: bastola tupu, magazini tupu ikiwa ndani, ukikoki slaidi inabaki nyuma yenyewe kila mara.

## Hatua ya 8: Springi ya slaidi na vyuma vinavyochoka

Hapa ndipo hesabu ya risasi inapohusika. Springi ya slaidi ni kipuri cha kubadilishwa, kama plagi ya pikipiki. Kwa bastola nyingi za 9 mm hubadilishwa kati ya risasi 3,000 na 5,000. Za mtindo wa 1911 zenye risasi za .45 mapema zaidi. Ni kitu cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa: ikilegea, slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila mlipuko, na fremu haibadilishwi kirahisi.

Jipime hivi. Bastola iliyofungwa upya, tupu, imeangaliwa mara mbili, mtutu ukielekea juu. Vuta slaidi nyuma, iachie taratibu kwa mkono. Kwenye Glock unabonyeza triga na kuishikilia kwanza. Slaidi ikishindwa kufunga mpaka mwisho, springi imechoka, au reli ni chafu, safisha, rudia. Dalili nyingine utaiona uwanjani: maganda yanarushwa mbali kuliko zamani.

Kisha tafuta nyufa kwa tochi na kitambaa chepesi, kwa kuwa uzi utanasa pale jicho linapopitiwa. Pembeni ya dirisha la kutolea maganda. Kwenye reli. Kwenye Beretta 92, masikio ya kile kipande kinachofungia mtutu. Kwenye CZ 75, ile pini ya pembeni. Ndoano ya kutolea ganda: ncha yake iwe kali na isiwe imemeguka.

Nyufa si hadithi. Mwaka 1987 na 1988 slaidi za Beretta M9, yaani Beretta 92 ya jeshi, zilivunjika mikononi mwa wanajeshi wa Marekani, na baadhi walijeruhiwa usoni. Kiwanda kiliongeza ukubwa wa kichwa cha pini ya nyundo ili slaidi ikivunjika isimfikie mpigaji. Zilikuwa silaha zilizopigwa sana, tofauti na yako. Lakini kama ulinunua bastola iliyotumika, hujui ilipigwa kiasi gani kabla yako, na ukaguzi huu ndio utakaokueleza.

Ukiona ufa, ndio mwisho. Usiipige "mara moja tu kuona".

## Hatua ya 9: Risasi nazo zinazeeka

Mtu anabeba bastola mchana, usiku anaitoa risasi ya chemba, asubuhi anairudisha ileile. Baada ya muda, kila slaidi inapoisukuma, kichwa cha risasi kinazama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, na bastola inaweza kuharibika kwa risasi moja tu.

Isimamishe risasi hiyo mezani kando ya mpya kutoka boksi hilohilo. Risasi ya 9x19 mm haizidi urefu wa milimita 29.69, lakini huhitaji kipimo: ikiwa fupi kwa macho, itenge. Na usirudishe risasi ileile chembani siku zote, zizungushe.

Tenga pia zenye ukungu wa kijani, zilizonata mafuta (mafuta yakipenya kwenye fataki huiua), na zenye mkwaruzo wa kina. Zilizotengwa zipelekwe polisi. Zisitupwe baharini wala kufukiwa.

## Hatua ya 10: Mahali pa kulala

Ngozi ni nzuri kiunoni na mbaya kabatini. Hunyonya jasho mchana, kisha usiku hukumbatisha chuma na chumvi hiyo. Bastola isilale ndani ya mkoba wake, hata usiku mmoja.

Iweke kwenye boksi la plastiki lenye mpira, pamoja na vijipakiti vya silika, boksi liwe ndani ya sefu iliyofungwa. Badilisha vijipakiti mvua zinapoanza na tena katikati yake. Vya rangi vitakuonyesha wakati: vingi hutoka bluu kuwa waridi. Kuvianika juani hakusaidii, hewa yenyewe ina maji. Mchele nao usiweke, utaacha unga.

Angalia sefu yenyewe imeshikiliwa wapi. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, na kuta zilizojengwa kwa mchanga wa pwani, hutoa jasho la chumvi. Sefu iliyopigwa bolti moja kwa moja ukutani huko ni friji ya kutu. Weka ubao nyuma na chini, acha nafasi ya hewa, na isiwe ukuta wa bafu.

## Ratiba

- Baada ya kila kubeba: futa kwa kitambaa chenye mafuta, dakika mbili.
- Baada ya kila kupiga: hatua ya 1 hadi ya 6, siku hiyohiyo.
- Kila wiki mbili wakati wa mvua, kila mwezi kiangazi: fungua, angalia, paka upya.
- Oktoba, kabla ya minada ya korosho kuchangamka, na Mei, mvua zikikatika: hatua zote kumi.

Kwenye daftari andika tarehe, idadi ya risasi ulizopiga, magazini ipi, na kilichobadilishwa. Liweke kwenye sefu hiyohiyo. Fundi akikuuliza springi ina umri gani utamjibu.

## Wakati wa kuipeleka kwa fundi mwenye leseni

Ipeleke ukiwa na leseni yako, na usiipige tena, ukiona lolote kati ya haya: ufa popote, vishimo ndani ya chemba, risasi mbili au zaidi zisizolia huku fataki zikiwa na alama hafifu, kitufe cha usalama kinacholegea, nyundo inayoshuka bila triga kubonyezwa, au ganda lililovimba na kupasuka karibu na kitako. Ganda hilo libebe, fundi atataka kuliona.

Akisema haifai tena, usiiuze, usimpe ndugu wala usiiache kama pambo. Isalimishe polisi wilayani kwako kwa maandishi, na ubaki na nakala.